Kwa nini meya wa Tübingen alihama chama na kiti kikabaki chake

Tarehe 1 Mei 2023 Boris Palmer, meya wa mji wa Tübingen ulioko kusini-magharibi mwa Ujerumani, alitangaza kujitoa katika Chama cha Kijani, chama alichojiunga nacho mwaka 1996. Kwa mazoea ya siasa za Tanzania, tangazo kama hilo lingefuatwa na barua ya kueleza kwamba kiti kiko wazi, kisha kampeni za uchaguzi mdogo, kwa kuwa diwani au mbunge anayekihama chama kilichomdhamini anapoteza nafasi yake papo hapo. Tübingen halikutokea lolote kati ya hayo. Palmer alichukua likizo ya mwezi mmoja, akarudi ofisini, akaendelea kuongoza vikao vya baraza na kusaini nyaraka za mji kama alivyokuwa akifanya tangu Januari 2007, huku kipindi alichopewa na wapiga kura kikiwa kinafika mwanzoni mwa 2031.

Habari zake zinapowafikia wasomaji wa Kiswahili huzua maswali mengi kuliko majibu. Je, huyu ni meya wa namna ileile ya meya wa Moshi au wa Mwanza? Au ni mtu wa kulinganishwa na gavana wa kaunti nchini Kenya? Chama kikimkataa, nani mwingine anaweza kumwondoa? Maswali haya yana uzito wake, maana tangu mwaka 2014 Tübingen na Manispaa ya Moshi ni miji dada, na watu wanaoshirikiana wanapaswa kujua upande wa pili nani ana mamlaka gani. Maisha ya kisiasa ya Palmer yanafaa sana kueleza jambo hili, kwa sababu katika miaka yake ofisini ameigusa karibu kila mipaka ya madaraka ya meya, mingine kwa kazi nzuri na mingine kwa maneno ya kuumiza.

Tuanze na mambo ya msingi. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, na kila jimbo lina sheria yake ya serikali za mitaa. Kwa hiyo hakuna meya mmoja wa Kijerumani ambaye ukishamwelewa umewaelewa wote. Tübingen iko katika jimbo la Baden-Württemberg, ni mji wa watu wapatao 90,000 kando ya mto Neckar, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477, kiasi kwamba mitaa yake imejaa wanafunzi na shughuli nyingi za mji zinazunguka chuo hicho na hospitali zake. Katika jimbo hilo, mji wenye wakazi zaidi ya 20,000 unaweza kupata hadhi ya juu zaidi, na kiongozi wake huitwa Meya Mkuu. Hicho ndicho cheo cha Palmer. Anachaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa kipindi cha miaka minane. Baraza la madiwani, ambalo Tübingen lina viti 40, linachaguliwa katika uchaguzi mwingine kabisa na kwa kipindi cha miaka mitano. Kura hizo mbili hazifuatani kwa ratiba wala hazitegemeani, hivyo meya anaweza kuwa wa mrengo mmoja na baraza likawa la mrengo mwingine, na kazi ikaendelea.

Tofauti kubwa na Tanzania iko hapa. Kwetu meya wa manispaa au jiji ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Yeye ndiye mwenyekiti wa baraza na sura ya mji mbele ya wageni. Anayeendesha ofisi, anayesimamia watumishi na anayetia saini hundi ni Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais. Fikiria kamati ya harusi: mwenyekiti anaongoza vikao na kusoma orodha ya michango, lakini mwenye daftari na mkoba wa fedha ni mtu mwingine, na bila yeye ukumbi haulipiwi wala mpishi hapati posho. Katika Baden-Württemberg nafasi hizo mbili zimeunganishwa katika mtu mmoja. Meya anaongoza baraza, tena ana kura yake ndani yake, na papo hapo ni mkuu wa watumishi wote wa mji. Anaandaa bajeti, anaipeleka barazani, anaongoza mjadala wake, kisha ikishapita anarudi ofisini kuitekeleza. Ni meya na mkurugenzi kwa pamoja, na hakuna mkubwa aliyemteua isipokuwa wakazi.

Mgawanyo wetu wa meya na mkurugenzi si wa Kiafrika kwa asili yake. Unatokana na utaratibu wa Waingereza wa kuwa na meya wa heshima anayechaguliwa na madiwani, pamoja na karani mkuu wa mji anayeshika utawala. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliutumia utaratibu huohuo katika sehemu ya Ujerumani waliyoikalia, yaani kaskazini na magharibi. Ndiyo maana kwa karibu miaka hamsini miji ya jimbo la Rhine Kaskazini-Westfalia, ikiwemo Köln na Düsseldorf, iliongozwa na watu wawili: meya wa madiwani na mkurugenzi wa mji. Jimbo hilo liliubadilisha utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 1994, na mwaka 1999 wakazi wake wakawachagua mameya wao moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Kusini hali ilikuwa tofauti tangu awali, na miaka ya 1990 ilipofika majimbo mengine yalianza kuiga kusini. Kwa hiyo msomaji wa Moshi anayedhani Wajerumani wote wamekuwa na meya mwenye nguvu tangu zamani anakosea, kwani wengi wao waliishi chini ya mfumo unaofanana sana na wa kwetu hadi juzijuzi.

Sasa tuingie katika suala la chama, ambalo ndilo kiini cha mshangao. Katika Baden-Württemberg chama hakimteui rasmi mgombea wa umeya. Mtu mwenyewe anawasilisha maombi yake ya kugombea, karibu kama mtu anayeomba kazi iliyotangazwa, na si lazima awe mkazi wa mji huo. Chama kinaweza kumuunga mkono, kumfanyia kampeni na kumchangia mabango, lakini mpiga kura anapoingia kwenye kibanda na kuikunjua karatasi ya kura, anakuta majina ya watu tu. Hakuna nembo ya chama wala jina lake. Kisheria, kura anayoipiga ni ya mtu. Ukilielewa hilo, mengine yote yanakuwa mepesi: chama hakikumpa Palmer kiti, kwa hiyo hakina njia ya kukichukua. Tanzania sheria inamtaka mgombea adhaminiwe na chama, na mgombea binafsi bado hana nafasi; chama ndicho mlango wa kuingilia, na hivyo ndicho mlango wa kutokea.

Kugombea kwa namna hiyo kumezaa watu wa aina yake, na mmoja wao alikuwa baba yake Palmer. Helmut Palmer alikuwa mkulima na muuza matunda wa bonde la Rems, mashariki mwa Stuttgart, mtu aliyegombana na watumishi wa serikali maisha yake yote hadi akafungwa jela kwa ajili ya ugomvi huo. Baba mzazi wa Helmut alikuwa Myahudi, na chuki aliyoiona tangu utotoni wakati wa utawala wa Wanazi ilimfanya asimwamini kirahisi mtu yeyote mwenye cheo. Aligombea umeya zaidi ya mara 200 katika miji na vijiji mbalimbali vya jimbo hilo na hakushinda hata mara moja, ingawa mwaka 1974 katika mji wa Schwäbisch Hall aliukaribia ushindi kiasi cha kuwatia hofu wanasiasa wa vyama vikubwa. Alifariki mwaka 2004. Mtu anaweza kumwona kama msumbufu, lakini mimi naona ndani ya maisha yake kuna jambo la kuheshimiwa: mwananchi asiye na chama wala fedha aliweza kusimama jukwaani kila mara akawalazimisha wenye madaraka wamjibu, na sheria ilimlinda alipofanya hivyo.

Mwanawe Boris alizaliwa tarehe 28 Mei 1972 mjini Waiblingen na kusoma historia na hisabati Tübingen. Mwaka 2001 aliingia katika bunge la jimbo kwa tiketi ya Kijani, akajijengea jina katika masuala ya usafiri na mazingira. Mwaka 2004 aligombea umeya wa Stuttgart, makao makuu ya jimbo, akapata zaidi ya asilimia 21 katika duru ya kwanza na kujitoa kabla ya duru ya pili. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2006, alisimama Tübingen dhidi ya meya aliyekuwa madarakani kutoka SPD, chama cha Kisoshalisti, akashinda katika duru ya kwanza kwa asilimia 50.4. Mwaka 2014 alirudi kwa asilimia 61.7. Hapo alikuwa mfano ambao chama chake kilijivunia.

Meya wa namna hii ana nguvu gani hasa? Ni mtumishi wa umma wa muda maalumu, analipwa mshahara kwa viwango vya jimbo, na anasimamia mambo yanayomgusa mkazi kila siku: mipango miji, barabara za mtaa, maji na umeme kupitia kampuni ya mji, shule za awali, majengo ya shule, usafi, utamaduni. Fedha zinatoka katika kodi ya biashara na kodi ya ardhi na majengo, ambazo baraza lenyewe linapanga viwango vyake, pamoja na sehemu ya kodi ya mapato. Kuna mambo mengi ambayo hayako mikononi mwake hata kidogo. Walimu wameajiriwa na jimbo, polisi ni wa jimbo, na sheria za uhamiaji zinatungwa na serikali ya shirikisho ilhali mji ndio unaotafuta nyumba za kuwahifadhi wakimbizi wakifika. Juu ya meya na baraza kuna pia ofisi ya jimbo inayokagua kama maamuzi yao yanafuata sheria, ingawa ofisi hiyo haina ruhusa ya kuwaambia kwamba uamuzi halali ni wa kijinga. Na baraza likipitisha azimio ambalo meya anaona linavunja sheria, sheria inamlazimu alipinge na kuitisha kikao kingine, kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya wingi wa kura za madiwani.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kile ambacho mji mdogo unaweza kufanya ni kodi ya vifungashio. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kila anayeuza Tübingen chakula au kinywaji cha kuliwa papo hapo au cha kubeba, akikitia katika chombo cha kutupa, anaulipa mji senti 50 za euro kwa kila kikombe, sahani au boksi, na senti 20 kwa kila uma, kijiko au mrija wa aina hiyo. Chukua mteja anayenunua chipsi katika boksi la karatasi na uma wa mti: chombo kinadaiwa senti 50 na uma senti 20, jumla senti 70, ambazo muuzaji kwa kawaida anamtupia mnunuzi katika bei. Mteja akija na chombo chake, au akila katika sahani ya kuoshwa, hadaiwi kitu. Lengo halikuwa kuutajirisha mji. Mapipa ya taka yalikuwa yakifurika vikombe kila mwisho wa wiki, na mji ulikuwa unagharimia kuviondoa huku faida ikibaki kwa waliouza.

Mwenye mgahawa wa McDonald's mjini humo alikwenda mahakamani, na safari ya kesi hiyo inafaa kufuatwa kwa makini kwa sababu inaonyesha kwamba meya, hata akiwa na baraza nyuma yake, si neno la mwisho. Wapinzani wa kodi walikuwa na hoja nzito: mwaka 1998 Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe ilikuwa imeifuta kodi kama hiyo ya mji wa Kassel, ikisema inagongana na sheria ya shirikisho kuhusu taka. Machi 2022 mahakama ya utawala ya jimbo iliyoko Mannheim ilimpa ushindi mlalamikaji. Palmer na mji wake wakakata rufaa. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Utawala mjini Leipzig ikaamua kwamba kodi kwa sehemu kubwa ni halali, ila ikaondoa kipengele kilichoweka kikomo cha kiasi kinachotozwa kwa mlo mmoja. Mlalamikaji akaenda Karlsruhe. Katika uamuzi uliotangazwa Januari 2025, Mahakama ya Katiba ilikataa malalamiko hayo na kueleza kwamba sheria ya taka ya sasa haiuzuii mji kutoza kodi hiyo. Konstanz, mji mwingine wa jimbo hilo, ulikuwa umeanza kuitoza mwezi huohuo, na mingine ikaanza kujiandaa. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa zaidi ya Palmer: mji wa watu 90,000 ulisimama kwenye jambo lake katika mahakama tatu na kuifungulia njia nchi nzima.

Wengi wanaamini meya aliyechaguliwa moja kwa moja hufanya apendavyo. Tübingen yenyewe inakanusha. Palmer alikuwa amepigania kwa miaka njia ya reli ya mjini ambayo ingepita katikati ya Tübingen, kutoka kituo kikuu hadi hospitali za chuo kikuu zilizoko mlimani, akiona ndiyo dawa ya msongamano wa magari. Jambo lilipelekwa kwa wakazi wenyewe katika kura ya maoni tarehe 26 Septemba 2021, siku moja na uchaguzi mkuu wa Ujerumani, na zaidi ya asilimia 57 wakasema hapana. Reli ikafia hapo. Hakuna aliyedai meya ajiuzulu kwa sababu ya kushindwa, wala yeye hakujaribu kuizunguka kura hiyo. Wakazi walimkatalia mradi wake mwaka 2021, na mwaka uliofuata walewale wakamchagua tena. Kwa mtu aliyezoea kuona kila kura kama vita vya kufa na kupona kati ya vyama, mfuatano huo unastahili kutafakariwa.

Kipindi cha korona kilionyesha mpaka mwingine, ule wa juu. Mwishoni mwa 2020 mji uliwapelekea wazee barakoa bora, ukawapimia watu virusi katika nyumba za kutunzia wazee kabla ya miji mingine, na kuwawezesha wazee kupanda teksi kwa nauli ya basi ili wasibanane na abiria. Machi 2021, kwa idhini ya serikali ya jimbo, ulianza majaribio yaliyojulikana Ujerumani kote: mtu anayepimwa katikati ya mji na kuonekana hana virusi alipewa kibali cha siku hiyo, akaweza kuingia madukani, kukaa kwenye mgahawa wa nje au kwenda kwenye maonyesho ya jukwaani, wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imefungwa. Mwezi uliofuata bunge la shirikisho lilipitisha sheria ya kubana shughuli kwa nchi nzima, na majaribio yakasimama. Meya hakuwa na la kufanya. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2020, mtu huyohuyo alikuwa amesema kwenye televisheni kwamba huenda Ujerumani inawaokoa watu ambao baada ya nusu mwaka wangekuwa wamekufa vilevile, maneno yaliyowauma wazee na jamaa zao, na ambayo baadaye aliyaombea radhi.

Hapa tunafika kwenye upande wa kazi yake ambao msomaji wa Kiafrika hawezi kuuruka, na hapaswi kuuruka. Kwa miaka kadhaa Palmer alikuwa akiandika mtandaoni na kusema hadharani mambo kuhusu wahamiaji na watu weusi ambayo wengi, ndani na nje ya chama chake, waliyaona ni ya kibaguzi. Mei 2021 aliandika maneno ya kumdhalilisha mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu, Dennis Aogo, ambaye baba yake ni Mnigeria. Palmer alijitetea kwamba ilikuwa kejeli. Chama chake cha jimbo kilipiga kura kuanzisha hatua za kumfukuza. Aprili 2022 pande mbili zilipatana kwamba uanachama wake usimame hadi mwisho wa 2023. Kisha tarehe 28 Aprili 2023, mjini Frankfurt, nje ya mkutano kuhusu uhamiaji, alibishana na waandamanaji akilitetea na kulitumia neno la matusi kwa watu weusi, na walipompigia kelele za kumwita Mnazi alilinganisha jambo hilo na nyota waliyolazimishwa Wayahudi kuivaa. Siku tatu baadaye aliomba radhi, akajitoa katika chama na kutangaza kwamba atachukua likizo kutafuta msaada wa kitaalamu.

Swali la haki linalofuata ni hili: kama maneno yalikuwa mazito hivyo, kwa nini wakazi hawakumwondoa? Jibu ni kwamba sheria ya Baden-Württemberg haitoi nafasi ya wananchi kumwondoa meya katikati ya kipindi kwa kura. Mlango uliopo ni mwembamba, kama vile hukumu nzito ya jinai au hatua za nidhamu za utumishi wa umma. Majimbo mengi mengine yanaruhusu kura ya kumwondoa. Mjini Duisburg, baada ya watu 21 kufa katika msongamano wa tamasha la muziki mwaka 2010, wakazi walimwondoa meya Adolf Sauerland kwa kura Februari 2012. Frankfurt ilimwondoa Peter Feldmann kwa njia hiyohiyo Novemba 2022. Watetezi wa utaratibu wa kusini husema miaka minane bila tishio la kuondolewa humpa meya ujasiri wa kufanya mambo yasiyopendwa leo yenye faida kesho, na kodi ya vifungashio ni ushahidi wao. Naikubali hoja hiyo nusu. Mkazi mweusi wa Tübingen aliyesikia maneno ya Frankfurt hakuwa na chombo chochote cha kikatiba mkononi isipokuwa kungoja miaka saba na ushee, na hilo ni pengo ambalo ujasiri wa meya hauwezi kuliziba.

Ni lazima pia tuseme kwamba wapiga kura wa Oktoba 2022 hawakudanganywa kuhusu mtu waliyemchagua. Ugomvi wake na chama ulikuwa umejulikana kwa zaidi ya mwaka, naye aligombea bila kuungwa mkono na Kijani, akipambana na mgombea wa Kijani na mgombea wa SPD ambao kila mmoja alipata zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya kura. Palmer alipata asilimia 52.4 katika duru ya kwanza. Walimpima kwa nyumba zilizojengwa, njia za baiskeli, hewa chafu iliyopungua na fedha za mji, na wengi wao waliamua kwamba hayo yanazidi ulimi wake. Mtu anaweza kutokubaliana nao, lakini ni kosa kusema kwamba mfumo uliwanyima habari.

Liko kosa jingine linalorudiwa sana, la kuichukua miji ya Berlin, Hamburg na Bremen kuwa mfano wa umeya wa Ujerumani. Hiyo ni miji iliyo pia majimbo kamili, au jimbo lenye miji miwili kwa upande wa Bremen, na viongozi wake huchaguliwa na mabunge ya majimbo hayo, si na wakazi moja kwa moja. Meya wa Kwanza wa Hamburg, mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, ana hadhi ya kiongozi wa serikali ya jimbo. Olaf Scholz alishika nafasi hiyo kuanzia 2011 hadi 2018 kabla ya kuwa Kansela mwaka 2021, na Willy Brandt alikuwa ameiongoza Berlin Magharibi kabla ya Ukansela. Konrad Adenauer, Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, naye alikuwa meya wa Köln tangu 1917 hadi Wanazi walipomwondoa 1933, akarudishwa 1945, na miezi michache baadaye akaachishwa kazi na Waingereza. Majina hayo makubwa yanawafanya watu wadhani umeya ni ngazi ya kupandia ikulu. Kwa miji kama Tübingen ni kinyume: wengi hufanya kazi hiyo kama taaluma, wakaizeekea, na baadhi yao wamesomea vyuo vya utawala wa umma kwa ajili hiyo. Stuttgart, kuanzia 1945 hadi 1996, iliongozwa na mameya wawili tu, Arnulf Klett asiyekuwa na chama, kisha Manfred Rommel wa CDU, chama cha kihafidhina.

Kwa Kenya ulinganisho ulio karibu ni gavana, kwa kuwa naye anachaguliwa na wananchi moja kwa moja na anashika bajeti, tangu kaunti zilipochukua nafasi ya mabaraza ya miji mwaka 2013. Hata hivyo gavana ana ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano, na bunge la kaunti linaweza kuanzisha hatua za kumwondoa. Meya wa Baden-Württemberg hana ukomo wa vipindi, na mwaka 2023 jimbo liliondoa hata ukomo wa umri, likashusha umri wa kugombea hadi miaka 18.

Kwa upande wa Moshi, tofauti hizi zina maana ya vitendo. Meya wa Moshi akiketi na meya wa Tübingen, wa Tübingen anaweza kuahidi yale ambayo ofisi yake mwenyewe itayatekeleza, ilhali wa Moshi atahitaji Mkurugenzi awepo mezani, na pengine taratibu za serikali kuu juu yake. Naye meya wa Tübingen, pamoja na madaraka yake yote, hawezi kutoa fedha ambazo madiwani wake 40 hawajaziweka katika bajeti. Ujumbe unaofika Ujerumani ukiwa na barua ya kumwomba meya agharimie mradi ungefanya vizuri kuomba pia nafasi ya kuzungumza na viongozi wa makundi ya baraza, kwa sababu huko ndiko kura za bajeti zinakohesabiwa, na baraza hilo lina uchaguzi wake mwaka 2029, kabla ya wakazi kurudi kwenye kura ya umeya.